Mwalimu Mapupu Anaacha Beseni Lake

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Mwalimu wetu wa Sayansi anastaafu baada ya kufundisha miaka thelathini na mmoja, yote katika chumba kimoja, kile cha mwisho kabisa kinachopakana na jiko. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Mapupu, na wazazi kadhaa wanaoleta watoto wao leo walimwita hivyo hivyo walipokuwa wanavaa kaptura. Hajawahi kukasirika. Mwalimu mkuu ameniomba mimi niandike wasifu huu, na nilipomwambia kwamba mimi ni mpishi na shule niliishia njiani, alisema mstaafu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Basi naandika. Nikikosea, walimu mtasahihisha kwa kalamu nyekundu, mmeshazoea.

Wanaomkumbuka alipofika wanasema alikuwa kijana mwembamba, suruali inampwaya, na chumba alichopewa kilikuwa stoo ya magunia na majembe. Alikisugua mwenyewe, akakipaka chokaa, akaomba meza kuukuu ya jikoni iwe meza ya maabara. Meza hiyo ipo hadi leo na mguu wake mmoja umesimama juu ya kipande cha tofali. Katika chumba hicho amefundisha mbegu, sumaku, mifupa na mvuke. Ameongoza klabu ya sayansi, ameshika zamu zisizohesabika, na kombe la maonyesho ya sayansi lililoko kabatini kwa mwalimu mkuu ni la wanafunzi wake. Lakini somo lililogandana na jina lake ni moja tu, lile la mapafu.

Mwaka wake wa kwanza alikwenda buchani akaomba mapafu ya ng'ombe, akasema ni kwa ajili ya watoto. Muuza nyama ni mtu mwenye huruma. Akadhani ni watoto wa nyumbani, akayakatakata vipande vidogo vya kutosha mdomoni, akayaosha, akayafunga vizuri. Mwalimu alikuja kuufungua mfuko mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo akawa anaagiza kwa maneno yale yale, akiyaita mapafu kwa jina la buchani: mapupu mazima, bomba refu, kisu kisiguse. Aliyasema kwa mkazo mpaka watu waliopanga foleni wakawa wanayamalizia kwa pamoja, na mtoto mmoja aliyetumwa nyama akayapeleka shuleni. Jina likazaliwa hapo.

Mwaka uliofuata mapupu yalifika mazima. Akayahifadhi jikoni ndani ya beseni la buluu, akaenda kuita darasa. Mpishi wa wakati ule, ambaye mimi nilirithi aproni yake, alidhani mgao umeongezwa. Darasa likala somo lake mchana ule, na wanasema Mwalimu alipewa sahani akakaa anaitazama muda mrefu. Kwa hiyo nilipoajiriwa, kitu cha kwanza nilichoonyeshwa jikoni hakikuwa jiko. Nilionyeshwa beseni la buluu kwenye msumari wake, nikaambiwa, hili usiliguse hata kama shule inaungua.

Maji ya moto ya kuoshea mikono na makasi huwa nayapeleka mimi, kwa hiyo somo hilo nimeliona kutoka mlangoni kila mwaka. Huanza kwa kuuliza mapafu yanafanya nini mtu anapopumua. Darasa zima hujibu kwamba yanavuta hewa. Kila mwaka jibu ni hilo, na kila mwaka Mwalimu hutikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Halafu hunyanyua mapafu kutoka kwenye beseni, ya rangi ya waridi iliyofifia, mepesi, yanateleza, huku yananing'inia kwenye bomba lake. Huwaambia watafute msuli wa kuvutia. Hawauoni, maana haumo.

"Pafu halivuti," huwaambia. "Pafu hupewa nafasi."

Anachukua chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Ndani yake ana puto, na chini amewamba ngozi ya puto jingine, imekaza kama ngoma. Hiki ndicho kiwambo, anasema, msuli bapa ulio chini ya mbavu. Akiivuta ngozi chini, puto la ndani linajaa lenyewe bila mtu kupuliza. Watoto hushika mbavu zao wenyewe wakati huo, wanazisikia zikipanda, na chumba chote kinanyamaza kwa sababu kila mmoja anajisikiliza.

Halafu inakuja pampu ya baiskeli. Anaingiza mpira wake kwenye bomba la hewa, anaufunga kwa uzi, anapampu polepole. Mapafu yanainuka, yanatanda, rangi inakuwa nyeupe nyeupe, wa nyuma wanapanda kwenye mabenchi. Akiacha, yanashuka yenyewe kwa sauti kama ya mtu aliyetua mzigo. Anawapa kidole kimoja kimoja waguse pingili za bomba, ngumu kwa mbele, zinazolizuia lisijikunje. Anafuata matawi kwa makasi, yanakuwa membamba, membamba zaidi, mpaka makasi yanashindwa. Hapo anakata kipande. Waliodhani pafu ni mfuko mtupu kama puto wanaona sifongo. Kipande anakitupa kwenye maji kinaelea, cha ini kinazama. Anawaeleza kwamba ndani mmejaa vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwamba shuka ukilikunja linaingia kwenye mfuko wa shati, ukilitandaza linafunika kitanda. Vifuko vile vyote vikitandazwa, hewa na damu hupata pa kukutana.

Sasa niseme jambo ambalo wote tunalijua. Mwalimu Mapupu ni mtu wa wasiwasi. Siku ya somo hilo chai yake inapoa bila kuguswa. Huja jikoni kuuliza kama maji yamechemka, anaondoka, anarudi kuuliza tena. Anahofia mkaguzi wa nyama, ambaye hupasua mapafu kidogo kutafuta ugonjwa, maana yakipasuliwa hayajai. Anahofia uzi utalegea. Anahofia mtoto atazimia, na kweli kila mwaka mmoja huzimia, mara nyingi yule aliyejigamba asubuhi kwamba yeye damu haimtishi. Walimu wenzake humtania kwamba yeye hupumua kwa niaba ya shule nzima.

Mimi sikumcheka. Mimi nina binti mwenye pumu.

Nilianza kazi hapa nikiwa naye mgongoni. Mtaani walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hajanyamaza, anaongea na kuku, anaongea na sufuria, anaongea akila. Ndivyo nilivyokuwa najua anaumwa: akinyamaza. Zahanati walikuwa wamenipa pampu yake ndogo ya dawa na kunionyesha jinsi ya kumvutisha kupitia kwenye chupa iliyotobolewa. Lakini hofu hawakuniondolea. Nilikuwa nadhani mapafu ya mwanangu ni mabovu, yameumbwa mafupi, na kwamba siku moja yatakataa. Nilikuwa nikimwangalia kifua hata akiwa amelala na afya yake.

Siku moja darasa lilipotoka, Mwalimu aliniona bado nimesimama mlangoni na ndoo imeshapoa. Mtoto alikuwa mgongoni, kifua chake kikipiga mluzi. Akaniita ndani, akarudisha mpira kwenye bomba, akaniambia nipampu mimi mwenyewe. Pande zote mbili zikajaa. Kisha akabana tawi moja kwa vidole viwili, akaniambia nipampu tena. Upande ule ukajaa taratibu, kwa shida, na nilipoacha ukachelewa kushuka, hewa ikitoka kwa mluzi. Niliujua mluzi ule. Nilikuwa nalala nao.

"Umeona, Mama Chiriku?" akasema. "Pafu ni zima. Njia ndiyo imebana. Na njia inaweza kufunguliwa."

Nililia pale pale juu ya meza ya watu. Yeye, badala ya kunibembeleza, alianza kuhangaika kutafuta kitambaa, akakosa, akanipa kifutio cha ubao. Nilitoka na chaki usoni, na jikoni walinicheka wiki nzima.

Alinifundisha mengine kidogo kidogo, akipita kuchukua chai. Nisimwangalie mtoto uso, nimwangalie shati: likibonyea kati ya mbavu, au shimo la juu ya mfupa wa bega likizama, njia imebana. Asilazwe, akae, aegemee mbele. Watu wasimzonge. Na nimsikilize sentensi. Mtoto anayeweza kusema sentensi nzima bila kuikata ana hewa. Akisema neno, akatulia, akasema neno, ni dawa mara moja, na dawa isiposaidia ni hospitali, hapana kungoja. Kwa mtoto mwingine pengine ni vigumu kupima, alisema, lakini huyu wako Mungu amekurahisishia.

Mwaka huu Chiriku ameanza darasa la kwanza hapa hapa. Niliweza kumwachia kwa sababu moja tu. Chumba cha Mwalimu kinatazama darasa lao, na kila nikichungulia dirisha la jiko nilimwona naye anachungulia. Tulikuwa walinzi wawili. Halafu tangazo la kustaafu likabandikwa.

Sitaficha, nilikwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo kumwambia kwamba muhula ukiisha namtoa binti yangu. Atakaa nyumbani na bibi yake, atajifunza kusoma pale pale mezani, mimi nitakuwa naleta vitabu. Mwalimu mkuu alinisihi nifikiri. Nilimwambia nimeshafikiri, sina usingizi wa kutosha wa kufikiri zaidi. Binti mwenyewe aliposikia hakusema neno, na mnajua kwangu kunyamaza kwake ni nini.

Mwalimu Mapupu alizipata habari. Alikuja dirishani, akazungusha kikombe bila kunywa, akasema hanilaumu. Akaomba nimpe mpaka mwisho wa muhula. Nilimuuliza atafanya nini, maana hawezi kutuachia macho yake. Akasema hajui bado, na alisema kweli, alikuwa amekunja uso kama mwanafunzi kwenye mtihani.

Alichofanya ni kupanga somo lake la mwisho, na hakulipanga kwa darasa la sita, wenye somo hilo kila mwaka, peke yao. Aliwaita darasa la kwanza wote, walimu, mlinzi wa getini, mtunza bustani na sisi wa jikoni. Tulijazana mpaka nje ya dirisha. Na kama alivyohofia miaka yote, siku hiyo ndiyo mapupu yalikuja na mkato. Alipopampu yalitoa hewa kama ungo. Jasho likamtoka, akajaribu kuziba kwa uzi, ikatokea pengine. Darasa la kwanza walianza kucheka, nami nilijisemea moyoni, basi, hata hili limekataa. Mtunza bustani akaondoka kimya na baiskeli yake. Alirudi na muuza nyama mwenyewe amekaa nyuma ya baiskeli, aproni bado mwilini, beseni mapajani. Alipoingia alitangaza kwa sauti: mapupu mazima, bomba refu, kisu hakijagusa. Shule nzima ilipiga makofi.

Mwalimu akafundisha. Alibana tawi kama alivyonibania mimi. Aliwaweka watoto wawili wawili, kila mmoja akaweka kiganja mgongoni kwa mwenzake aisikie pumzi ikipanda na kushuka. Chiriku alipewa mtoto wa fundi baiskeli, msichana mdogo wa mwili mwenye sauti ya mnada, na tangu siku hiyo wakakaa dawati moja. Mwalimu aliwaonyesha pampu ya dawa na chupa yake, akawaonyesha mfuko wa begi la Chiriku inamokaa. Aliwaambia pia kuhusu sentensi. Wadogo wale walilipenda hilo kuliko yote, wakashinda siku nzima wakiulizana maswali marefu ili wasikie majibu marefu.

Mimi bado nilikuwa na msimamo wangu. Watoto wa miaka saba, nilisema. Watoto wa miaka saba husahau viatu.

Wiki mbili zilizopita Mwalimu hakuwepo. Alikuwa ameitwa kushughulikia karatasi zake za kustaafu. Asubuhi hiyo walifagia uwanja bila kunyunyiza maji, vumbi likaingia darasa la kwanza. Yaliyofuata nimesimuliwa na watu wengi, na wote wanakubaliana. Chiriku alikuwa anasimulia kitu, akakatika katikati ya neno. Mtoto wa fundi baiskeli akamwangalia shati. Akapiga kelele kwamba sentensi ya Chiriku imekatika. Mwalimu wao wa darasa, ambaye ni mgeni na alishikwa na hofu kama ambavyo ningeshikwa mimi, akaita, pampu, leteni pampu. Kiranja mwenye mbio akatoka kama risasi. Hakwenda kwenye begi. Alikwenda maabara, akarudi anahema, amebeba pampu ya baiskeli kwa mikono miwili.

Halafu mtoto wa fundi baiskeli, bila kugeuka, akasema, "Wewe, hiyo ni ya tairi." Alikuwa ameshamkalisha mwenzake aegemee mbele, pampu ya dawa imeshachomekwa kwenye chupa, na kiganja chake kiko mgongoni. Wengine walikuwa wamekaa mbali, wameshikana mikono kujizuia wasimzonge.

Mimi niliitwa. Kutoka jikoni hadi darasa la kwanza si mbali, lakini siku hiyo sakafu ilikuwa ndefu. Niliingia mbio. Binti yangu alikuwa amekaa, macho yana machozi, shati linapanda na kushuka polepole. Akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Mama," akasema, "mbona umekuja na mwiko wenye uji unadondoka kwenye daftari la mwenzangu, kwani ulikuwa unataka kumpiga nani?"

Nilikuwa nahesabu maneno.

Tulikwenda zahanati hata hivyo, na daktari akamkuta yuko vizuri.

Kesho yake Mwalimu alifika kabla jiko halijawashwa. Habari alizipatia getini na hakuwa amezicheka hata kidogo. Aliniuliza maswali kama polisi: nani alimkalisha, dirisha lilifunguliwa, chupa ilikuwa safi, nani alifagia bila maji. Nilimjibu moja baada ya jingine. Akafika alipotaka kufika.

"Alisema sentensi nzima?"

"Nzima, Mwalimu. Na matusi kidogo ndani."

"Bila kuikata?"

"Bila kuikata."

Alikaa kwenye kigoda changu cha kumenyea viazi. Akashika kikombe chake, akanywa chai yote ikiwa bado ya moto. Sikuwa nimewahi kumwona akiimaliza. Kisha akasema, "Basi naweza kwenda," na mimi nikaenda kumwambia mwalimu mkuu asimfute binti yangu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru Mwalimu wetu kwa miaka yake, kwa meza yenye tofali, kwa kila mtoto aliyezimia na kuamkia mapajani mwake. Tunamshukuru mkewe kwa kuvumilia harufu ya mashati yale. Beseni la buluu amemkabidhi mwalimu wa darasa la kwanza, aliyelipokea huku amefumba jicho moja, na muuza nyama ameshaambiwa sauti ya agizo itabadilika lakini maneno ni yale yale. Pampu ya baiskeli imebaki maabara. Mwalimu ameibandika karatasi kwa mwandiko wake: HII NI YA TAIRI.

Mwalimu, wengine wanasema kustaafu ni kupumzika, na mimi nimeligundua neno hilo nikiliandika hapa, kwamba ndani yake mna pumzi. Ulizitoa zako kwa ajili ya watoto wetu. Sasa nenda kazitumie mwenyewe, kwa afya, kwa furaha, na chai ikiwa ya moto.

Leo Chiriku yuko darasani. Mlango wa jiko nimeuacha wazi. Nimekwenda kuchungulia mara moja tu tangu asubuhi, na nilipofika dirishani nilisikia anaongea.